Swali la Mwalimu Kä Mana liko mikononi mwetu

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanaharakati, wanafunzi na marafiki. Goma, tarehe 15 mwezi wa saba 2022.

Makamarade, wazazi, ndugu na dada,
Wanafunzi wa Profesa, na nyinyi wote mulitumika pamoja naye,

Najua kuko wenye wametembea kwa miguu toka Ndosho na toka Majengo juu ya bei ya moto, na kuko wenye wamefunga biashara yao mapema ili wakuje hapa. Mungu awarudishie.

Leo mwaka mmoja umetimia. Tarehe 15 mwezi wa saba 2021, hapa Goma, Profesa Kä Mana alitutoka. Covid-19 njo ilimubeba. Alikuwa na miaka 67.

Munakumbuka ile wakati ilikuwa namna gani. Tarehe 22 mwezi wa tano Nyiragongo ililipuka, moto ikashuka mpaka Buhene, kisha mji mzima ukatetemeka siku kwa siku. Tukaambiwa tutoke. Wengine wakaenda Sake na Minova, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka Gisenyi. Tulirudi, na bado tulikuwa tunahesabu nini imebaki. Utawala wa kijeshi, ile tunaita état de siège, ulikuwa umeanza tarehe 6 ya ule mwezi wa tano. Na juu ya hayo yote, wimbi la tatu la Corona. Watu wengi hapa mjini walikuwa wanasema Corona haiko, ni stori ya Kinshasa na ya Ulaya. Halafu ikaingia nyumbani kwetu, ikakamata mwalimu.

Na matanga zilikuwa zimekatazwa. Kwetu munajua matanga ni nini. Watu wanakaa usiku mzima karibu na moto, wanakunywa chai, na kila mtu anasema kitu anajua juu ya marehemu: huyu anasema namna alimulipia minervali, huyu anasema namna alimugombeza siku moja akamurudisha kwenye njia. Asubuhi ikifika, marehemu anajulikana kuliko siku alikuwa anaishi. Kwa Profesa hatukupata ule usiku vile inafaa. Kwa hiyo mkutano wa leo, wakubwa, muupokee kama matanga iliyochelewa.

Wameniomba niseme kwa jina la vijana. Wale alifundisha darasani watasema kisha yangu, wako na mambo ambayo mi siwezi kueleza. Mi ni mmoja wa wale walimujua zaidi kupitia vitabu vyake na debati zilizotoka ndani ya vile vitabu. Nitasema juu ya jambo moja tu: swali alituachia, na kitu gani tutafanya nalo. Na nitasema kwa Kiswahili. Najua kuko wenye wanashangaa, juu mtu aliyeandika vitabu vingi hivi kwa Kifaransa alistahili diskuri ya Kifaransa kizuri. Sababu yangu nitaieleza mbele kidogo.

Kwanza, kwa wadogo wetu ambao hawamujui vizuri. Jina alizaliwa nalo ni Godefroid Kangudie, lakini wenye kusoma, Afrika na inje ya Afrika, wanamujua kwa jina la Kä Mana. Alizaliwa mwaka wa 1953. Pesheni hesabu: mwaka wa 1960, wakati bendera ya Wabelgiji ilishuka, alikuwa mtoto wa miaka sita. Mwaka wa 1965, wakati Mobutu alikamata mamlaka, alikuwa na miaka 12. Ujana wake wote ulipita chini ya Mobutu. Alisoma filozofi, akasoma teolojia, akakuwa dokta, akakuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Aliishi na kufundisha inje ya inchi, Benin na Kameruni. Kisha akakuja huku kwetu. Alifundisha ULPGL, akaongoza Pole Institute, na pale ndani kulikuwa ile nafasi ya masomo na debati kwa vijana, Université Alternative, ambayo wengi wenu hapa mulipitia.

Sasa fikirieni kidogo. Goma ni mji wa namna gani? Mwaka wa 1994, wakimbizi kwa mamia ya maelfu na kolera. Mwaka wa 1996 vita, mwaka wa 1998 vita tena. Mwaka wa 2002 volkano ilikata mji katikati. Mwaka wa 2012 M23 iliingia. Mtu mwenye diplome, hapa kwetu, kwa kawaida anatafuta njia ya kutoka: bursi, viza, kazi kwa Wazungu. Yeye, ambaye milango ya inje ilikuwa wazi tayari, alikuja kufundisha watoto wa Goma. Mi naona hiyo peke yake ni somo, hata kama hangeandika kitabu hata kimoja.

Lakini aliandika. Na pale njo nataka tukae.

Kitabu ambacho kilimufanya ajulikane kilitoka Paris mwaka wa 1991. Kinaitwa L'Afrique va-t-elle mourir? Kwa Kiswahili: Je, Afrika itakufa? Mi nilikisoma kwa fotokopi, ile fotokopi inapita mkono kwa mkono kwenye unif, kurasa zingine nyeusi, zingine hazipo, na pembeni mtu mwenye sikumujua alikuwa ameandika kwa bik: "Hapana!" na chini yake mtu mwingine: "Ndiyo!" Nadhani fotokopi kama ile ziko nyingi katika huu mji.

Musikie mwaka ule: 1991. Mobutu alikuwa ametangaza vyama vingi mwezi wa nne 1990. Mwezi wa tano wa 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku kwenye kampasi ya Lubumbashi, wengine wakauawa. Mwezi wa nane 1991 Conférence nationale souveraine ilifunguliwa Kinshasa, watu wakasema: basi, sasa tumetoka. Mwezi wa tisa askari wakaanza kupora Kinshasa, na raia wakaingia nao kubeba viti, friji, mifuko ya unga, mpaka mabati ya mapaa. Wazazi wetu wanaijua ile stori. Watu wale wale walikuwa wanaimba demokrasia mwezi mmoja mbele, njo wengine wao walikuwa wanabeba mashini za kiwanda ambacho kiliwapa kazi.

Ndani ya miaka ya namna hiyo, mwalimu aliuliza swali ambalo linachoma. Wengi waliandika kwamba shida ya Afrika ni Wazungu. Wengine waliandika kwamba ni Mobutu na wenzake. Wengine, kwamba ni pesa inakosa. Yeye hakukataa hizo. Alisema tuchimbe chini zaidi. Chini ya uchumi na chini ya siasa kuko kitu alikiita imaginaire.

Hapa njo Kiswahili kinatutesa kidogo. Imaginaire tutaiita nini? Mawazo? Haitoshi, mawazo unaweza kuyabadilisha kesho asubuhi. Ndoto? Hapana. Nilizungusha neno hili kwa siku nyingi, nikauliza mama, nikauliza wamotari kwenye parking. Mi ninaliita picha za kichwani. Ni zile picha ambazo jamii nzima iko nazo ndani ya kichwa mbele hata haijaanza kufikiri: picha ya mkubwa ni nani, pesa inatoka wapi, mwanamke ni nani, leta ni nini, mtu mwerevu ni yupi. Hakuna mtu alizichagua. Tunazinyonya na maziwa. Na zikiwa mbaya, unaweza kubadilisha prezida, unaweza kubadilisha katiba, hata bendera na jina la inchi (sisi tulifanya yote!) na maisha yanabaki vile vile.

Nitoe mfano wangu, si wake. Kuko methali ambayo kila mkongomani anajua: mbuzi inakula pale imefungiwa. Unaenda biro ya leta kutafuta karatasi, anakuomba pesa ya soda. Ukimuuliza, anacheka: si unajua mbuzi inakula pale imefungiwa? Na wewe pia unacheka. Unatoa elfu mbili, unapata karatasi, unaenda.

Tuangalie ile picha kwa macho. Ndani yake mtu ni mbuzi. Kazi ya leta ni majani. Raia mwenye amekuja na shida yake, yeye pia ni majani. Na kuko kitu hakuna mtu anauliza: ile kamba, nani aliifunga? Mbuzi haiulizi. Ikimaliza majani yote ya pale, inalia ili ihamishwe kwenye majani mengine, na sisi tunaita ile kupandishwa cheo. Askari mwenye hajalipwa anaiimba ile methali. Profesa mwenye anauzisha silabusi kwa nguvu anaiimba. Mkubwa wa komini anaiimba. Na mzazi, anapomuambia mtoto "soma sana, siku moja na wewe utakula," anaiingiza kwenye kichwa kipya. Hakuna kikundi cha silaha kilitulazimisha.

Njo ile Kä Mana alikuwa anaita watu waisukume, waitikise. Kitabu chenyewe kina maneno mengine chini ya jina lake: bousculer l'imaginaire africain. Kusukuma-sukuma zile picha mpaka zianguke, na kuweka zingine ambazo mtu anaweza kuishi ndani yake akiwa amesimama. Na hakutaka tujifiche ndani ya sifa za zamani. Tulikwisha ishi authenticité ya Mobutu: tulibadilisha majina, tulivaa abakosti, tukaimba mababu, na huku hazina ya leta ilikuwa inaliwa. Kujivunia mababu hakutengenezi barabara ya Sake.

Kisha mwaka wa 1993 akatoa kitabu kingine, Théologie africaine pour temps de crise, juu ya kujenga upya Afrika. Hii mawazo ya kujenga upya ilikuwa na ndugu wengine. Kule Kenya, Profesa Jesse Mugambi alikuwa ameileta mbele ya makanisa ya Afrika mwaka wa 1990, na mwaka wa 1995 akaifanyia kitabu. Mugambi alisema: kwa miaka mingi tuliimba Musa na kutoka Misri, sasa tusome Nehemia, yule alikuta kuta za mji zimeanguka, akaita watu, kila jamaa ikajenga kipande cha ukuta mbele ya nyumba yake. Upande wa wale wanaandika Kifaransa, Kä Mana njo jina kubwa la ile njia.

Muko wenye hamuendi kanisani, najua, na muko Waislamu hapa. Musiache jambo hili kwa wachungaji peke yao. Linatuhusu sisi wa harakati kabisa. Juu sisi tunajua sana kusema hapana. Hapana kwa glisma, hapana kwa kukosa maji, hapana kwa mauaji ya Beni. Tunaandika barua, tunafanya sit-in, tunapigwa, tunafungwa, tunatoka, tunarudi barabarani. Ile hapana ni ya haki na hatutaiacha. Lakini mkongwe huyu anatuuliza: kisha ya hapana, ukuta mbele ya nyumba yako uko namna gani? Ukipewa komini kesho, utaiendesha na picha gani kichwani? Tumeona wangapi walikuwa wanatembea nasi, leo wako makabine, na wao pia wamejifunza kula pale wamefungiwa?

Sasa, tusimame hapa, juu sitaki tumusifu mwalimu kama vile tunasifu wakubwa. Kuko vijana wanamupinga, na wako na haki ya kupinga. Nimesikia ile maneno mara nyingi kwenye debati zetu: "Shida yetu si kichwa. Shida ni risasi. Mkulima wa Rutshuru hakukimbia shamba juu ya picha mbaya kichwani, alikimbia bomu. Ukisema shida iko ndani ya akili ya mwafrika, unamusaidia mwizi. Unamuambia mtu aliyeibiwa ajichunguze."

Ni maneno mazito. Na mwezi huu yana uzito zaidi. Tarehe 13 mwezi wa sita Bunagana ilianguka mikononi mwa M23. Zaidi ya mwezi mmoja sasa. Watu wako wanalala kwenye masomo na kwenye makanisa ya Rutshuru, wengine wamevuka Uganda. Na miezi 14 ya utawala wa kijeshi haijawarudishia watu usalama waliahidiwa. Nani anaweza kuenda pale, mbele ya mama amebeba mtoto na godoro, akamuhubiria juu ya imaginaire?

Mi najibu hivi. Kwanza, ni kweli kwamba maneno ya Profesa yanaweza kutumiwa vibaya. Mkubwa akisema "wakongomani wabadilishe mentalité" huku yeye njo ameiba, anatukana. Kubadilisha picha za kichwani inaanza na wale wako juu, na haifuti deni ya mtu yeyote mbele ya sheria. Mwenye kuua atafutwe, mwenye kutuma silaha atajwe kwa jina lake, hata kama ni serikali ya jirani, hata kama ni afisa wa jeshi letu.

Lakini pili: bunduki haijibebi. Tangu 1996, AFDL, RCD, CNDP, M23, na vikundi vya pori ambavyo hatuwezi kumaliza kuhesabu, vyote vilipata vijana wa kubeba bunduki. Waliwapata wapi? Kati yetu. Kwa dola kidogo, ndiyo, lakini pia kwa picha: kwamba bila bunduki wewe si mtu, kwamba kabila lile lingine linataka kukumaliza, kwamba mwenye kuingia pori anatoka na cheo, na kweli wengi tuliona wakitoka na cheo cha kolonele. Mwenye kuleta vita kutoka inje anahitaji mlango wa ndani. Ule mlango, kila mara, uko ndani ya kichwa cha kijana kama mimi na wewe. Mwalimu hakuwa anamusamehe mwizi. Alikuwa anatuonyesha dirisha ambalo mwizi anapitia.

Na hii inanifikisha pale panauma zaidi leo. Tangu Bunagana, muko munaona video kwenye simu. Muko munasikia barabarani: watu wanaangalia pua ya mtu, urefu wa mtu, namna anatamka "r", na wanaamua kama ni adui. Motari anakataa kubeba mtu juu ya uso wake. Wengine wanasema tutumie mapanga. Nasema hapa wazi, kwa jina la mwalimu ambaye aliongoza nyumba iliyofanya kazi miaka na miaka juu ya watu wa Maziwa Makubwa kukaa meza moja: hapana. Tunapinga uvamizi, tunapinga M23, tunapinga kila serikali inayowasaidia. Lakini jirani yetu wa Himbi au wa Birere, aliyezaliwa hapa, aliyekimbia volkano pamoja nasi, aliyelala kwenye turubai moja nasi Sake, yeye si Bunagana. Siku tutaanza kuwinda sura, M23 itakuwa imeshinda bila kufika Goma. Huwezi kuja kulia Kä Mana hapa mchana, halafu jioni ukasambaza ile video. Chagua.

Makamarade, wiki mbili zilizopita, tarehe 30 mwezi wa sita, inchi ilizika jino la Lumumba. Jino moja. Wabelgiji walilirudisha, tukalitembeza Sankuru, Kisangani, Katanga, mpaka Kinshasa. Mi nililia kama wengi wenu. Lakini nikajiuliza: wangapi kati ya wale walisimama mstari wa mbele na kravati nyeusi wanafanya kazi ambayo Lumumba alifia? Inchi hii inajua kuheshimu wafu. Tunavaa kitambaa cha sura yao, tunawapa barabara na sanamu, na mwisho wa siku marehemu anakuwa kimya, hasumbui mtu tena.

Profesa Kä Mana, tafazali, tusimufanye hivyo. Mwalimu tunamuheshimu tukibaki tunabishana naye. Ile fotokopi yangu yenye "Hapana!" na "Ndiyo!" pembeni, ile njo sanamu inamufaa.

Sasa nieleze juu ya nini Kiswahili. Vitabu vyake viko kwa Kifaransa, na ni Kifaransa cha juu. Vingi havipatikani hapa. Ukivipata, bei yake ni chakula cha nyumba kwa wiki. Mama anayeuzisha sambaza Kituku hatavisoma. Kijana wa chukudu anayeshusha mzigo toka Kibumba hatavisoma. Na wao pia wako na picha kichwani, na wao pia wanapiga kura, na watoto wao njo wanaitwa pori. Kama mawazo ya mwalimu yanabaki kwenye auditoire, kati yetu wenye tulisoma, basi tumeyafunga kamba kama ile mbuzi. Profesa alifanya sehemu yake: alifikiri, akaandika, akafundisha mpaka mwisho. Kuyatoa pale na kuyapeleka sokoni, hiyo ni deni yetu. Hakuna mwingine ataifanya.

Kwa hiyo naleta mambo matatu mbele yenu. Si maazimio ya kupigia makofi. Muyachukue, muyajadili kwenye kartiye zenu, muyakatae kama ni mabaya.

La kwanza: kila kartiye, mara moja kwa mwezi, tusome pamoja. Sura moja tu. Mmoja anasoma Kifaransa, mwingine anaeleza kwa Kiswahili, wote wanabisha. Inahitaji nafasi ya kukaa, na fotokopi tano. Haiombi ufadhili, haiombi ruhusa ya meya.

La pili: tutafute maneno. Mi nimesema "picha za kichwani". Mwingine anaweza kuwa na neno zuri zaidi, na ninamuomba atupe. Reconstruction, éthique, citoyenneté: tuyatafutie Kiswahili ambacho mama yangu atakisikia bila kuniuliza mara mbili. Tukishindwa kueleza jambo kwa lugha ya nyumbani, labda sisi wenyewe hatujalielewa.

La tatu: tuchague methali moja moja kati ya zile zinatufunga, na tuifanyie vita. Tuanze na ile ya mbuzi. Ukiisikia biro, usicheke. Sema kwa heshima: "Papa, wewe si mbuzi, na mi si majani." Atakasirika, ndiyo. Karatasi itachelewa, ndiyo. Lakini wenye kusimama nyuma yako kwenye mstari watasikia, na kesho mmoja wao atasema vile vile. Inaonekana kitu kidogo. Ukuta wa Nehemia pia ulijengwa jiwe kwa jiwe, na kila mtu mbele ya nyumba yake.

Kwa familia ya Profesa, na kwa wale mulikuwa marafiki zake wa karibu: poleni tena. Mulitugawia mtu wenu. Masaa alikuwa na vijana ni masaa hakuwa nyumbani, tunajua. Tunawaambia aksanti sana, na tunawaomba radhi kwa ile matanga iliyokuwa fupi.

Kwa walimu muko hapa, wa masomo ya msingi mpaka unif, wenye mshahara unachelewa na kisha inakuja nusu: musifikiri kazi yenu haionekani. Tumekusanyika leo, katikati ya vita na utawala wa kijeshi, na sababu yake ni mwalimu. Hatukukusanyika juu ya jenerali wala juu ya tajiri.

Na kwa wadogo wetu. Kitabu kile kinauliza kama Afrika itakufa. Miaka zaidi ya 30 imepita, mwenye kuuliza amekufa, na swali liko palepale, linangojea. Hamulazimiki kujibu kama yeye. Munalazimika kujibu tu, na jibu lenu litaonekana namna munaishi hapa Goma, kuanzia kesho asubuhi.

Sasa nakaa chini. Naomba wale alifundisha wasimame, mmoja mmoja, watueleze: aliwaambia nini, wapi mulikubaliana naye, na wapi mulimubishia. Chai iko, na usiku bado mrefu.